Ilianguka kwa Nini? Historia ya Dampu ya Kerneli hadi Kibera na Kawangware

Tarehe 7 Juni 2016, kabla ya adhuhuri, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akateleza na kuangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mitambo mingine ikaelemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na Kenya nzima ikakaa bila stima kwa saa kadhaa. Siku hiyo hiyo kampuni ya umeme ya KenGen ilitoa taarifa, pamoja na picha ya tumbili mwenyewe, ambaye alinusurika akachukuliwa na shirika la wanyamapori. Kisa hicho kilienea dunia nzima na watu wakakicheka. Mimi kilichonigusa ni kwamba sababu ilijulikana kabla jua halijatua. Kituo kilianguka, na waliokitunza waliweza kueleza kilianguka saa ngapi, kwa kitu gani, na hitilafu ilisafiri vipi kutoka mtambo mmoja hadi mwingine.

Stima iliporudi, ruta, seva na kompyuta za Kibera na Kawangware ziliwaka pamoja. Nani angeweza kusema ipi ilizimwa na ajali ya Gitaru, na ipi ilikuwa imeanguka yenyewe nusu saa kabla? Mitaa hii miwili ya Nairobi imetenganishwa na Ngong Road, Kibera upande wa kusini na Kawangware upande wa kaskazini. Yote miwili imezoea stima inayopotea ghafla: transfoma imelemewa, waya umechomolewa, tokeni zimeisha, au Kenya Power wamekuja kukata miunganisho isiyo halali. Mtu akizoea hivyo, kila mashine inayozima husingiziwa stima, na hapo ndipo ugonjwa wa kweli unapojificha. Mashine iliyokatiwa umeme ni nzima na itaendelea na kazi umeme ukirudi. Mashine ambayo kerneli yake imeanguka ina kasoro, na kasoro hiyo itaiangusha tena wiki ijayo.

Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayozungumza na diski na antena, na inayoamua programu ipi ipate zamu ya prosesa. Programu ya kawaida ikikosea, kerneli huizima na nyingine zikaendelea. Kerneli yenyewe ikikosea, hakuna aliye juu yake wa kuiokoa. Linaloweza kufanyika wakati huo ni kuhifadhi yaliyokuwa kwenye kumbukumbu dakika ile ya mwisho, ili mtu aje kuyasoma baadaye. Nakala hiyo ndiyo mafundi huiita dampu.

Zamani kazi hiyo ilikuwa rahisi kwa namna ambayo leo ingetufaa sana. Katika miaka ya 1950 na 1960, kumbukumbu ya kompyuta ilisukwa kwa vipete vidogo vya feraiti vilivyopitishiwa nyaya, kila kipete kikishika biti moja kwa usumaku. Usumaku hauhitaji umeme ili udumu. Umeme ukikatika, yaliyomo yalibaki palepale, na opareta aliweza kuyachapa kwenye karatasi, safu baada ya safu ya tarakimu, ambazo mhandisi alizipitia na penseli mkononi. Kisha mwaka 1968 Robert Dennard wa IBM akapewa hataza ya kumbukumbu ya aina nyingine, ambayo kila biti yake ni chaji ndogo inayovuja na kuhitaji kuhuishwa mara nyingi kwa sekunde. Intel iliuza chipu yake maarufu ya aina hiyo, 1103, kuanzia mwaka 1970. Bila uvumbuzi huo, kompyuta isingeshuka bei hadi ikafika mfukoni mwa mwenye kioski. Lakini kumbukumbu hii husahau kila kitu sekunde chache baada ya umeme kukatika. Mji ambao stima yake haipotei hauoni hasara hiyo. Kibera huiona.

Miaka hiyo hiyo, huko Bell Labs nchini Marekani, ulifanyika uamuzi ambao bado unatutawala. Tom Van Vleck, aliyefanya kazi kwenye mfumo mkubwa wa Multics, amesimulia jinsi alivyomweleza Dennis Ritchie, mmoja wa waundaji wa mfumo endeshi wa Unix, kwamba karibu nusu ya msimbo aliokuwa akiuandika ulikuwa wa kujinasua kutoka kwenye makosa. Ritchie akamjibu kwamba katika Unix waliyaacha yote hayo. Kukitokea kosa, wanaita sehemu moja ya programu iitwayo panic, mashine inaanguka, nawe unapaza sauti koridoni ili mtu aiwashe upya. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu uliifanya Unix iwe ndogo na nyepesi. Ila ulichukulia kwamba yupo mtu koridoni. Ruta iliyofungwa juu ya mlingoti wa chuma, juu ya paa la mabati huko Gatwekera, Kibera, haina korido.

Unix ya chuo kikuu cha Berkeley ilirekebisha jambo hilo kwa kiasi: kerneli ikipata paniki, ilimwaga kumbukumbu kwenye sehemu ya diski iliyotengwa, na mashine ikiwaka tena programu ya savecore ikaichukua na kuihifadhi kama faili. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, haikuiga mpango huo. Kwa zaidi ya miaka kumi, kerneli ya Linux ikianguka iliandika kwenye skrini maelezo yaliyoitwa oops, na mtu akayanakili kwa mkono, herufi moja moja, au akaipiga skrini picha. Kampuni ya SGI ilitoa mwaka 1999 viraka vilivyojulikana kama LKCD, lakini havikuingizwa kwenye kerneli rasmi. Waliosita walikuwa na hoja nzito. Kerneli iliyochanganyikiwa haistahili kuaminiwa kuandika kwenye diski. Huenda dereva ya diski, yaani programu inayoiendesha, ndiyo iliyoharibika, na badala ya kuandika dampu mahali pake ikaandika juu ya faili za watu. Ni afadhali kukosa sababu kuliko kupoteza data.

Suluhisho lilipatikana mwaka 2005, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika India. Eric Biederman alikuwa ametengeneza kexec, njia ya kerneli moja kuiwasha nyingine bila kupitia hatua za kawaida za kuwasha mashine. Vivek Goyal na Hariprasad Nellitheertha wa IBM wakashirikiana naye kujenga kdump juu yake, na yote mawili yakaingia katika Linux 2.6.13 mwezi Agosti mwaka huo. Mashine inapowaka hutenga kipande cha kumbukumbu ambacho kerneli kuu haikigusi kamwe, na ndani yake huwekwa kerneli ya pili, ndogo, iliyotulia. Ya kwanza ikianguka, ya pili huamka, huikuta kumbukumbu ya mwenzake kama ilivyoachwa, huinakili kwenye diski au huituma kupitia mtandao, kisha huwasha mashine upya. Ni kama jirani uliyemwachia ufunguo wa akiba: haingii kwako siku za kawaida, lakini siku umezimia ndani, yeye ndiye anayefungua mlango akiwa na akili timamu.

Jirani huyo ana gharama, na hapa ndipo mpangilio unapohitaji uamuzi. Kipande kinachotengwa hutajwa wakati wa kuwasha, kwa mfano crashkernel=256M. Kwenye seva yenye gigabaiti 64 hakuna atakayeona tofauti. Kwenye kompyuta iliyotumika, yenye gigabaiti 2, ya aina inayojaza vyumba vya kompyuta vya shule nyingi za mitaa hii, umeondoa sehemu moja ya nane ya kumbukumbu na kuiacha imelala siku nzima. Maoni yangu ni haya: seva moja inayohudumia darasa zima inastahili gharama hiyo, lakini kompyuta ishirini za wanafunzi ziachwe. Na hata kwenye seva, kuna kigezo kimoja cha kuangaliwa kabla ya vyote. Kinaitwa kernel.panic, na ni idadi ya sekunde ambazo kerneli husubiri baada ya kuanguka kabla ya kujiwasha upya. Kikiwa 0, ambacho ndicho chaguo-msingi la kerneli, mashine isiyo na kdump huganda milele. Shule ikifungwa Ijumaa jioni na seva ikaanguka saa moja baadaye, itakaa na maandishi yake kwenye skrini hadi mwalimu aje Jumatatu, na kwa kawaida mwalimu huyo atabonyeza kitufe bila kuyasoma.

Kwa upande wa Nairobi, mwaka 2005 kdump haikuwa na kazi kubwa mitaani. Intaneti ya Kenya ilikuwa ikipitia setilaiti, ghali na ya kusuasua, na mwananchi aliipatia saiba, yaani duka la intaneti. Kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009. Mwezi Machi 2010 iHub ilifunguliwa katika jengo la Bishop Magua Centre kwenye Ngong Road, mwendo mfupi kutoka Kibera. Baadhi ya waliokuwa nyuma yake walikuwa wale wale wa Ushahidi, mfumo ulioundwa Januari 2008 katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi na Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, ili matukio yarekodiwe mahali yalipotokea kabla hayajasahauliwa au kukanushwa. Mwaka 2009 mradi wa Map Kibera ulikuwa umeanza kuwapa vijana wa Kibera vifaa vya GPS ili waupime mtaa wao wenyewe, maana kwenye ramani nyingi eneo lile lilionekana kama msitu au halikuwa na kitu.

Mwaka 2013 Ushahidi ilizaa BRCK, ruta iliyobuniwa Nairobi kwa ajili ya mahali ambapo stima haiaminiki. Ilikuwa na betri ya kuiendesha kwa saa nane na uwezo wa kuruka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Kampeni yake kwenye Kickstarter ilikusanya dola 172,107. Watu wengi waliisifu kwa betri kuiokoa intaneti stima ikikatika. Mimi naithamini betri ile kwa jambo lingine pia, na nalieleza hapa chini, kwa kuwa linahusu ruta zote.

Ruta za bei nafuu zilianza kuendeshwa na Linux iliyo wazi kwa umma baada ya Linksys kutoa ruta ya WRT54G mwishoni mwa 2002. Wadadisi waligundua Linux ndani yake, leseni ya GPL ikailazimu kampuni itoe msimbo, na mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza kutokana na msimbo huo. Ruta ile ilikuwa na megabaiti 16 za kumbukumbu na 4 tu za hifadhi. Hakuna nafasi ya kerneli ya pili humo, wala diski ya kumwagia dampu. Ndiyo sababu OpenWrt, hadi leo, huja na kernel.panic = 3: ikianguka, husubiri sekunde tatu, kisha hujiwasha. Kwa mteja wa Kawangware anayetazama mpira kwenye simu, huo ni ukarimu mkubwa, kwani video inakwama kwa dakika moja na kurudi. Kwa fundi ni shida, maana anachokiona kwenye kifaa chake cha kufuatilia ni ruta iliyopotea na kurudi, sawasawa na ilivyo stima ikikatika kidogo.

Felix Fietkau wa OpenWrt aliandika kiraka kiitwacho crashlog, kinachohifadhi maneno ya mwisho ya kerneli kwenye kona ya kumbukumbu, ili kerneli inayofuata iyasome. Kwenye Linux rasmi, Marco Stornelli alileta ramoops mwaka 2010 kwa mantiki hiyo hiyo, na mwaka 2011 ukaja pstore, mfumo unaoyaonyesha maneno hayo kama faili za kawaida. Hii si dampu kamili. Ni kurasa chache za mwisho za daftari la kerneli, lakini mara nyingi zinatosha, kwa kuwa zinataja dereva iliyokosea na mfuatano wa hatua zilizoifikisha hapo. Sharti lake ni moja tu: umeme usikatike kati ya kuanguka na kusomwa. Kumbukumbu inapowashwa upya bila kunyimwa umeme huyashika yaliyomo. Ikinyimwa, basi. Hapo ndipo betri ya BRCK, au betri ndogo yoyote ya ruta inayouzwa leo mjini, inapokuwa zaidi ya starehe ya kuendelea kupata mtandao. Inatunza ushahidi. Ambapo betri haipo, ipo njia ya mtdoops, iliyoandikwa na Richard Purdie mwaka 2007, inayoandika maneno hayo kwenye hifadhi ya flashi ambako hukaa hata stima ikipotea wiki nzima. Kwa mitaa tunayoizungumzia ningeichagua hiyo, pale kifaa kinapoiruhusu.

Wengi hawakukutana na kerneli ya Linux kwenye ruta. Walikutana nayo kwenye simu. Mwaka 2011 Safaricom iliuza simu ya Huawei Ideos kwa takriban dola 80, na Android ikaingia mtaani. Simu za Android za wakati ule zilikuwa na faili moja, /proc/last_kmsg, yenye maneno ya mwisho ya kerneli iliyotangulia. Sasa tazama meza ya fundi wa simu, iwe Toi Market huko Kibera au Stage 46 huko Kawangware. Kuna taa ya kukuzia, lehemu, bisibisi za saizi zote, kopo la thina na mswaki uliochakaa. Simu inaletwa: imejizima na kujiwasha yenyewe mara kadhaa tangu asubuhi. Fundi anafungua kifuniko cha nyuma kwa ukucha, anatoa betri, anaipangusa miguu yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, anaipuliza, anairudisha. Simu inawaka. Mwenyewe anafurahi na kulipa. Lakini ile hatua ya kutoa betri imekwisha kufuta ushuhuda. Kama angechomeka kebo kwanza na kuisoma faili ile, huenda ingemwonyesha kuwa tatizo ni chipu ya hifadhi inayokufa, na kwamba picha za mteja zinafaa zitolewe leo, kabla ya kesho. Fundi hana hatia, kwani hakuna aliyemfundisha. Maarifa hayo yalikuwa kwa watengenezaji wa mbali, ilhali simu zilikuwa mezani kwake. Siku hizi betri zimefungwa ndani na simu nyingi humzuia mtu wa kawaida kusoma kumbukumbu hizo. Mlango uliobaki ni ripoti ya hitilafu inayopatikana kwenye mipangilio ya wasanidi, ambayo mara nyingi huyabeba maneno hayo ndani yake.

Saiba zina hadithi yao, na ni ya Windows. Windows ikianguka huonyesha skrini ya buluu na kuandika dampu ndogo kwenye folda ya Minidump, faili isiyochukua nafasi kubwa ya diski. Lakini wenye saiba wengi hupenda programu kama Deep Freeze, inayorudisha diski katika hali yake ya awali kila kompyuta inapowaka upya. Ni kinga nzuri dhidi ya virusi na vijana wanaopakua kila kitu. Kinga hiyo hiyo huifuta dampu kila mara, na mwenye saiba hubadilisha kumbukumbu, hubadilisha diski, hata hubadilisha mashine, bila kujua kosa lilikuwa kwenye dereva ya kadi ya picha. Dawa yake ni kuacha kipande cha diski kisichogandishwa na kuielekeza Windows iandike dampu huko.

Hapo hapo inabidi nitaje hatari. Saiba ndiko watu wa mitaa hii wanakofungulia huduma za serikali za eCitizen na kujazia fomu za kodi za KRA. Dampu kamili ya kumbukumbu inaweza kubeba nywila, nambari za kitambulisho na kurasa zilizokuwa wazi wakati mashine ilipoanguka. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019, na dampu ni data ya watu. Programu ya makedumpfile ya Linux huweza kuziacha nje kurasa za programu za watumiaji na kubakisha za kerneli peke yake, kwa chaguo la -d 31. Faili hupungua sana, na siri za wateja kwa sehemu kubwa hubaki nje. Hata hivyo isitumwe ovyo kwenye kundi la WhatsApp la mafundi.

Leo mitaa hii haiko pembezoni mwa mtandao tena. Poa Internet, ambayo Kibera na Kawangware ni miongoni mwa maeneo yake ya mwanzo, ilipata mtaji wa dola milioni 28 mwaka 2022 ukiongozwa na Africa50. Tunapanda, taasisi iliyo Kibera, imeunganisha shule na vituo vya vijana kwa mtandao wa jamii, na tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ina utaratibu wa kuipa leseni mitandao ya aina hiyo. Juu ya mapaa kuna antena zinazoendeshwa na Linux, na wanaopanda ngazi kuzirekebisha ni vijana wa mitaa hiyo hiyo. Wao ndio wanaofaa kuyashika maarifa haya, kwa kuwa msanidi aliyeko Berlin au Bangalore hawezi kurekebisha kosa asiloliona, na kosa linalotokea kwenye joto la mabati na stima inayoyumba huenda halitokei kwake hata mara moja. Ripoti yenye maneno ya kerneli kutoka Laini Saba, Kibera, ina uzito ule ule wa ripoti kutoka mahali popote.

Basi wewe unayetunza ruta au seva upande wowote wa Ngong Road, fanya jaribio hili usiku ambao hakuna anayeitumia. Hifadhi kwanza data kwa amri ya sync. Kisha iangushe kerneli kwa makusudi kwa kuandika herufi c ndani ya /proc/sysrq-trigger. Ikirudi, tafuta ilichokiandika: kwenye /var/crash kama ni seva yenye kdump, kwenye /sys/fs/pstore au crashlog kama ni ruta. Usipokuta kitu, rekebisha mpangilio usiku huo huo, kabla haijaanguka yenyewe.